Ukitaka kubadili utaratibu wa kazi, anzia stoo

Nasimamia duka la vifaa vya ujenzi hapa Busia, upande wa Uganda. Tuko watu 14, tukihesabu wachukuzi. Ulipofika wakati wa kuacha vitabu vya risiti na kuingia EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ulioanza kulazimishwa Januari 2021 kwa waliosajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, bosi alinipa barua ya Kiingereza niibandike ukutani: kuanzia Jumatatu, vitabu basi. Jumatano vitabu vilikuwa bado mezani. Haya ninayokueleza niliyajua nilipoanza upya.

Kabla hujatangaza lolote, kaa na kila mtu peke yake akuonyeshe kazi yake anavyoifanya tangu asubuhi. Usimwulize kama ameukubali mfumo mpya. Atakujibu "ndiyo, madamu", na hutaambulia kitu.

Mimi nilikaa na mzee wetu wa stoo juu ya mifuko ya saruji. Akatoa daftari lake, kurasa zimelainika kama kitambaa. Vijiti vinne, cha tano kimevikata: mifuko mitano. Kwenye misumari, duara ni katoni, nukta ni kilo. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba anaogopa kompyuta. Kumbe miaka yote hiyo, hata bosi akitaka kujua mabati ya geji 30 yamebaki mangapi, lazima amfuate mzee huko nyuma amwulize. Sasa mashine ingemjibu yeyote, hata binti keshia aliyeingia juzi. Nani angemfuata tena?

Ukishajua mtu anapoteza nini, mtafutie kazi ya kweli ndani ya utaratibu mpya. Cheo cha kumbembeleza atakitambua siku hiyo hiyo. Kwetu kazi ilijileta yenyewe. Mfumo unataka kila bidhaa iingizwe na kipimo chake, na misumari tunainunua kwa katoni, tunaiuza kwa kilo, wakati mwingine robo. Binti aliingiza katoni tu. Fundi akaja kununua kilo mbili, risiti ikatoka ya katoni mbili! Mzee alikaa naye siku mbili wakapanga vipimo vyote, yeye anasoma daftari, binti anabonyeza. Tangu hapo kila Jumamosi jioni mzee anahesabu stoo kwa mkono, na hesabu yake ikitofautiana na ya mashine tunaanza kwa kuamini yake. Si kwamba hakosei. Majuzi katoni moja ilimpotea, kumbe mchukuzi alikuwa ameikalia.

Majira nayo yaangalie. Januari jua ni kali, watu wanajenga, foleni inafika barabarani. Ukibadilisha wakati huo umejitafutia matusi. Sisi tulianza upya Aprili, mvua ikinyesha, keshia akapata nafasi ya kukosea bila mteja kumfokea.

Mkutano uwe mfupi, kwa lugha ya kazini. Hapa Msamia, Mteso na Mganda wakibishana bei ya nondo wanabishana kwa Kiswahili, sasa ile barua ya Kiingereza ilikuwa ya nani?

Kosa langu kubwa lilikuwa kuruhusu kitabu na mashine viende pamoja "kwa muda". Muda huo ulikuwa miezi mitano. Watu walijaza kitabu kwanza, mashine wakipata nafasi, na jioni nilibaki na hesabu mbili, zote za kutilia shaka. Taja tarehe, iandike kwa herufi kubwa pale wanapotundika makoti, na siku hiyo ikifika vikusanye vitabu kwa mkono wako. Bakiza daftari moja tu kwenye droo yako, la kuandikia mauzo mtandao ukikatika, na yaingizwe ukirudi.

Wateja nao waandae. Aprili 2024, wafanyabiashara wa Kampala walipofunga maduka kupinga EFRIS, maswali yalifika mpaka kaunta yetu, nami nikamwachia binti ayajibu peke yake. Alilia chooni. Siku iliyofuata nilisimama naye pale kaunta, tukawa na jibu moja: VAT ya asilimia 18 ilikuwepo kabla ya mashine hii, na ukiona bei imezidi, mwite madamu.