Mwingereza au Mbritania: kujaza fomu na kusoma takwimu zake

Hapa Mwingereza ni mtu wa England, na Mbritania ni mtu wa Ufalme wa Muungano mzima, ambao England ni sehemu yake. Tenga kwanza uraia na utambulisho wa taifa, yaani taifa ambalo mtu anajihisi kuwa wake. Hakuna uraia wa England. Pasipoti humtaja mtu kuwa raia wa Britania, basi penye swali la uraia usiandike Mwingereza. Kwenye sensa ya England na Wales, swali la utambulisho huruhusu alama zaidi ya moja, hivyo Mwingereza na Mbritania kwa pamoja ni jibu halali. Asili ya kikabila huulizwa kando.

Wasoma takwimu ndio hupotea zaidi. Katika England na Wales, waliojitaja Waingereza tu walishuka kutoka asilimia 57.7 mwaka 2011 hadi 14.9 mwaka 2021. Usikimbilie kusema hisia za kuwa Mwingereza zimekufa: kwenye fomu ya England ya 2021, Mbritania ilipandishwa juu ya orodha, na wengi huishia kwenye jibu la kwanza linalowafaa.