SOMO: Goti linauma ukiendesha baiskeli? Shika spana kabla hujashika dawa

Wakuu, salaam.

Wiki hii nimepata ujumbe wa pembeni kumi na mmoja, wote wanauliza jambo lile lile: "Nikiendesha baiskeli goti linauma, nipake nini?" Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake. Na inaniuma kuona kijana wa miaka ishirini na kitu anaiuza baiskeli yake kwa tatizo ambalo spana moja ingelimaliza. Kwa hiyo naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

Mimi si daktari. Naendesha kila siku hapa Mwanza, Buhongwa hadi mjini na kurudi, mwaka wa kumi na nne huu. Goti langu limewahi kuharibika kwa kosa langu mwenyewe, na likapona.

Kabla ya yote: kama goti limevimba ghafla baada ya kuanguka, au huwezi kulikanyagia, au linajifunga halinyooki, au limekuwa la moto na wekundu huku una homa, acha kusoma. Nenda hospitali leo.

Hatua ya 1: Weka kidole panapouma.
"Goti linauma" haitoshi. Kaa kitini, bonyeza taratibu kuzunguka goti mpaka upate mahali penyewe.

Mbele, kwenye pia ya goti au chini yake kidogo: siti iko chini mno, au imesogea mbele mno, au unakanyaga gia nzito kwa nguvu. Siti ikiwa chini, goti linajikunja sana kila pedeli inapopanda, na pia ya goti inagandamizwa kwenye mfupa wa paja.
Nyuma ya goti: siti iko juu mno au nyuma mno, mguu unavutwa kuifuata pedeli.
Upande wa nje: mara nyingi ni kano ndefu inayoshuka kutoka nyonga. Angalia kama siti iko juu, au vidole vyako vinatazama ndani.
Upande wa ndani: vidole vinatazama nje sana, au miguu imekaa mbali mbali kwenye pedeli.

Hatua ya 2: Pumzisha goti siku chache. Tembea, usiendeshe.

Hatua ya 3: Kagua baiskeli yenyewe. Igeuze juu chini, zungusha pedeli ukiwa umechutama nyuma yake. Pedeli ikiyumba kama mlevi, ama ekseli yake imepinda ama mkono wa pedeli (chuma kinachoibeba pedeli) umepinda. Goti lako linayumba nayo hivyo hivyo kila mzunguko. Kwa baiskeli za zamani, kama Phoenix, shika mikono yote miwili ya pedeli uitikise: ikicheza, kota (pini inayobana mkono wa pedeli kwenye ekseli) imelegea au imelika. Badilisha.

Hatua ya 4: Urefu wa siti. Hapa someni polepole.
Wengi wetu tunaweka siti chini ili miguu yote ifike ardhini tukisimama. Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili nililifanya mimi.

Mwaka 2019 nilikuwa naumwa mbele ya goti. Nikaambiwa nipandishe siti. Nikaegemea ukuta peke yangu, nikaweka kisigino kwenye pedeli, mguu ukafika, nikafurahi. Sikuona kwamba nyonga yangu ilikuwa imeinamia upande ule ule wa mguu, ndiyo maana ulifika. Fundi akapandisha siti sentimita tano kwa mkupuo mmoja, nami Jumamosi ile ile nikaenda Magu na kurudi. Mpaka Kisesa nilijiona mwepesi, nikawapita watu. Wakati wa kurudi, nyuma ya goti la kulia pakaanza kuvuta kama kamba iliyokazwa. Sikusimama. Jumatatu nilishuka ngazi za kazini kinyumenyume, mkono umeshika ukuta. Nilikaa wiki sita bila kupanda baiskeli.

Sasa fanyeni hivi. Mtu akushikilie baiskeli, na mwingine asimame nyuma akitazama kiuno chako. Vaa viatu unavyoendeshea siku zote. Ukipima peku halafu ukaendesha na katambuga zenye soli nene, umepima bure. Kaa sawasawa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama hata kidogo. Kisha zungusha kinyumenyume kwa visigino. Kiuno kikicheza kushoto na kulia, siti iko juu, ishushe. Ukiweka sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti libaki limejikunja kidogo, kama nyuzi 25 hadi 35.

Wanaopenda hesabu: simama peku ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja mpaka juu kabisa, pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 80, jibu ni 70.6: huo ni urefu kutoka katikati ya ekseli ya mikono ya pedeli hadi juu ya siti, ukifuata bomba. Ni pa kuanzia tu, jaribio la kisigino ndilo linaloamua.

ONYO: chora alama kwenye bomba la siti kabla hujalegeza nati. Panda nusu sentimita, endesha siku tatu nne safari za kawaida, ndipo upande tena. Hata kama umegundua siti iko chini sentimita sita. Kano na misuli vimezoea pale pa zamani, vinahitaji muda.
ONYO la pili: bomba lina alama ya mwisho wa kuvutwa. Isionekane. Bomba likichomoka au likikatika ukiwa barabarani, goti litakuwa shida yako ndogo.

Hatua ya 5: Siti mbele au nyuma. Weka mikono ya pedeli ilale sawa na ardhi. Tundika timazi, au uzi wenye nati, chini kidogo ya pia ya goti la mbele. Uzi upite karibu na katikati ya pedeli. Usogeze siti kidogo kidogo, kisha urudie hatua ya 4, maana ukisogeza siti nyuma umeurefusha mguu pia.

Hatua ya 6: Kanyaga kwa sehemu pana ya unyayo, si kwa kisigino wala katikati ya mguu.

Hatua ya 7: Gia nyepesi, mizunguko mingi. Jaribu mizunguko 80 kwa dakika. Hesabu goti moja linavyopanda kwa sekunde 15: likipanda mara 20 uko vizuri. Hata kwa mizunguko 60 tu, saa moja goti limejikunja mara 3,600, na kila mara umelibebesha uzito. Kilima kikikushinda, shuka usukume. Mlima wa Isamilo nausukuma mpaka leo.

Hatua ya 8: Imarisha mapaja na nyonga. Simama kwenye ngazi, shusha mguu mmoja taratibu mpaka kisigino kiguse chini, panda. Mara 10, kila mguu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Goti lisiingie ndani. Kano hujengeka kwa wiki nyingi, msitegemee siku tatu.

Hatua ya 9: Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15. Isiguse ngozi moja kwa moja.

Maswali karibuni.

---

Chuma Chakavu: Mkuu, umeandika refu. Kwa kifupi nipake dawa gani?

Mwandishi: Hakuna ya kupaka itakayoinua siti yako. Hatua ya 4.

Mtoto wa Nyakato: Langu linauma sana nikiendesha. Nifanyeje?

Mwandishi: Wapi? Mbele, nyuma, ndani, nje? Hatua ya 1 ipo juu hapo.

Mtoto wa Nyakato: Sasa si nimekuuliza kistaarabu?

Mwandishi: Nami nimekujibu. Siwezi kuona goti lako kutoka hapa. Weka kidole, rudi useme mahali, tutaendelea.

Binti Ukerewe: Shikamoo kaka. Mimi linauma goti la kushoto tu, upande wa ndani, la kulia halina neno. Siti ni moja, iweje iumize mguu mmoja? Nimejaribu kukaa sawa, bado.

Mwandishi: Marahaba dada. Swali zuri sana. Anza na hatua ya 3, pedeli ya kushoto peke yake, maana baiskeli ikiangukia upande mmoja ni pedeli ya upande huo inayopigwa. Ikiwa nzima, mwambie mtu akutazame kwa mbele ukiendesha polepole: vidole vya kushoto vinatazama wapi kulinganisha na vya kulia? Halafu lala chali, mtu alinganishe visigino vyako. Wengine mguu mmoja ni mfupi kidogo, basi siti inayofaa mmoja ni ya juu kwa mwingine. Hapo unapima kwa kufuata mguu mfupi. Tena, unabeba mkoba bega gani?

Binti Ukerewe: La kulia, kaka. Na pedeli ya kushoto kweli inacheza! Nilidhani ndivyo ilivyo.

Mwandishi: Badilisha pedeli kwanza, usiguse kitu kingine. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja hutajua kipi kilikuponya. Na uwe makini: pedeli ya kushoto inafunguka kinyume, kwa kuzungusha spana upande wa saa. Mafundi wachanga wanaharibu mikono mingi ya pedeli hapo.

Mzigo Mzito: Mimi ni daladala wa baiskeli, Shinyanga. Abiria nyuma, haina gia, kutwa nzima. Hiyo mizunguko 80 yako ni ya watu wa mazoezi, si sisi.

Mwandishi: Ndugu yangu, wewe ndiye unayeihitaji kuliko wote. Hesabu meno ya gia ya mbele na ya nyuma. Tuseme mbele 48 na nyuma 18: kila mzunguko wa pedeli, gurudumu linazunguka mara 2.67. Ukiweka ya nyuma yenye meno 22 linakuwa 2.18. Mzigo kwenye goti umepungua karibu sehemu moja ya tano kwa kila kanyago. Utapoteza mwendo kidogo kwenye tambarare, lakini kuondoka na abiria, pale goti linapoumia hasa, utaona tofauti siku hiyo hiyo. Mnyororo utahitaji kuongezwa pingili, mwambie fundi mapema.

Mzigo Mzito: Hili sikuwahi kuambiwa, na niko barabarani miaka tisa. Na kuondoka je, ninyanyuke kwenye siti?

Mwandishi: Sukuma hatua mbili tatu kwa mguu, baiskeli ikishatembea ndipo ukanyage. Abiria apande gurudumu likiwa limeshikwa breki, asikurukie.

Dawa Tatu: Mimi nameza diklofenaki asubuhi, naendesha bila shida. Mbona hukuitaja? Au hutaki watu wapone?

Mwandishi: Sikuitaja kwa sababu inazima maumivu na kukuacha uendelee kulipiga goti lile lile. Ukiimeza kila siku inaumiza tumbo na figo, na mwenye vidonda vya tumbo au presha ana hatari zaidi. Umeimeza muda gani?

Dawa Tatu: Miezi miwili.

Mwandishi: Tafadhali kamwone daktari wiki hii, umwambie hivyo hivyo ulivyoniambia, miezi miwili kila siku. Nasema kwa nia njema.

Pancha: Nje ya mada kidogo: siti yangu ya ngozi imebonyea katikati kama bakuli. Ina neno?

Mwandishi: Si nje ya mada. Ikibonyea sentimita mbili, umeshusha siti sentimita mbili bila kugusa nati. Chini ya pua ya siti za ngozi nyingi kuna nati ya kuikaza. Ikaze robo mzunguko, kisha upime upya.

Mtoto wa Nyakato: Nimerudi. Ni mbele, chini ya pia ya goti. Nimepima na kitabu: 78, mara 0.883 ni kama 68.9. Siti yangu iko 63.

Mwandishi: Umefanya vizuri sana kupima. Umejipa jibu mwenyewe: karibu sentimita sita chini. Umechora alama?

Mtoto wa Nyakato: Ndiyo, kwa kalamu ya wino mzito. Naipandisha yote leo?

Mwandishi: Nusu. Nusu sentimita tu. Alhamisi uniambie goti linasemaje, ndipo tupande nyingine.