Jinsi ya kuongoza usuluhishi wa kimataifa: mfano wa Nairobi, 2008

Msuluhishi wa kimataifa haji na jeshi. Huja na heshima yake na ustadi wa kupanga mazungumzo, na anayetaka kujifunza ustadi huo na amtazame Kofi Annan, Katibu Mkuu wa zamani wa Umoja wa Mataifa, aliyefika Nairobi tarehe 22 Januari 2008 kusaidiana na Graça Machel na Benjamin Mkapa, wakati Wakenya wakiuana kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007.

Hakikisha kwanza kwamba meza ni moja. Wasuluhishi wakiwa wengi, kila upande hukimbilia yule anayeupendeza, na mazungumzo hayasongi; ndiyo maana Annan alidai kazi yote ipitie kwa jopo lake. Kisha wakutanishe wakuu hadharani mapema. Tarehe 24 Januari, Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake katika uchaguzi huo, Raila Odinga, walipeana mikono nje ya Harambee House, ofisi ya rais. Hawakuwa wamekubaliana lolote la maana, lakini wananchi waliokuwa wamekimbia makwao waliona kwamba mahasimu wanaweza kusimama pamoja.

Zingatia sana mpangilio wa ajenda, kwani hapa ndipo wengi hukosea. Nairobi ajenda zilikuwa nne: kukomesha ghasia, kuwasaidia waathiriwa, kutatua mgogoro wa kisiasa, na mwisho matatizo ya muda mrefu kama ardhi, katiba na ukosefu wa ajira. Hakuna mwanasiasa awezaye kusimama mbele ya umma akapinga kukomeshwa kwa mauaji, kwa hiyo pande zote mbili zilianza kwa kukubaliana, nazo zikafika kwenye suala la madaraka zikiwa zimekwisha kuzoeana.

Wajumbe wakikwama, wabadilishie mazingira: Annan aliwahamishia hoteli ya Kilaguni, ndani ya hifadhi ya wanyama ya Tsavo, mbali na kamera. Wakikwama tena, tambua kwamba mwenye uamuzi hayumo chumbani. Tarehe 26 Februari alisimamisha vikao vya wajumbe akawaendea Kibaki na Raila wenyewe, na Jakaya Kikwete, mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, akaungana naye. Siku mbili baadaye mkataba wa kugawana madaraka ukatiwa saini.

Saini isikuondoe kazini. Oktoba 2008 Annan alikabidhiwa bahasha ya Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, yenye majina ya washukiwa wa ghasia, akaishikilia ili Kenya iunde mahakama yake ya kuwahukumu. Bunge lilipoukataa mswada wa kuunda mahakama hiyo, Julai 2009 akaipeleka bahasha kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.