Jinsi ya kupima presha nyumbani mpaka hizo namba zimsaidie daktari

Hii naandikia mtu yeyote huku Kisumu, Kakamega, Nakuru, popote, mwenye ameambiwa ako na presha ama anakaa na mzazi mwenye presha. Siku hizi mashine ziko kwa nyumba nyingi, shida ni vile tunapima. Tunapata namba za uongo, tunazipeleka kliniki, na dawa inaongezwa bure ama inaachwa chini wakati ilifaa kuongezwa. Na presha haiumi. Mtu anaweza kuwa na 170 kwa namba ya juu, ile ya kwanza mashine inaonyesha, na anauza samaki soko la Kibuye siku nzima akicheka na wateja, hasikii chochote, kwa hivyo kitu tunacho cha kutuambia ukweli ni hiyo namba tu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulipata karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Kenya ako na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja.

Kama huna mashine usikimbilie kununua, uliza kwanza yule mhudumu wa afya wa mtaa wenu, CHP, juu tangu 2023 walipewa mikoba iko na mashine ya presha. Ukinunua, chukua ile ya kufunga mkono wa juu, wachana na ya kifundo cha mkono. Halafu angalia kile kitambaa chake cha kujaa upepo, hapa ndio watu wengi wanaumia bila kujua. Chukua futi ya fundi wa nguo, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, kisha soma sentimita zimeandikwa kwa kitambaa uone kama kipimo chako kiko hapo ndani. Kuna utafiti ulitoka Marekani 2023, walipima watu na vitambaa vya saizi tofauti, wale wenye mikono minene kabisa wakifungwa kile cha kawaida namba ya juu ilipanda karibu 20. Fikiria mama ako na 125 anaambiwa ni 145, anaanzishwa dawa ya maisha juu ya kitambaa kidogo! Ukienda kliniki na mkono wako ni mnene, omba kitambaa kikubwa, si kusumbua nesi, ni haki yako.

Sasa kupima kwenyewe. Nusu saa kabla usinywe chai wala kahawa, usivute sigara, usifanye kazi ya nguvu. Enda choo, kibofu kikijaa presha inapanda. Kaa kwa kiti chenye mgongo, egemea, nyayo zote mbili chini, usikunje mguu juu ya mwingine, tulia dakika 5 bila simu na bila stori, hata wakati mashine inafinya usiongee. Kitambaa kikae kwa ngozi, si juu ya sweta. Mkono uulaze juu ya meza, kitambaa kiwe usawa wa moyo, na kama meza ni fupi weka mto. Hii ya mkono watu wanadharau sana lakini watafiti wa Johns Hopkins, chuo kikuu cha Marekani, waliipima na wakatoa majibu 2024: mkono ukiwa kwa mapaja namba ya juu inaongezeka karibu 4, ukiachwa uning'inie kando inaongezeka zaidi ya 6. Mtu wa 136 anageuka 142 na hajaumwa na kitu.

Kila ukikaa kupima, pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati. Asubuhi kabla ya kumeza dawa na kabla ya chai, halafu jioni, siku 7 mfululizo. Namba za siku ya kwanza uziache nje ya hesabu, zinakuwanga juu mtu akiwa bado anazoea, zile zingine ujumlishe ugawanye upate wastani. Nyumbani tunasema presha iko juu wastani ukifika 135 kwa 85, ingawa kliniki ni 140 kwa 90, kwa sababu mtu akiona koti jeupe la daktari mwili unashtuka kidogo. Na kuna wale kinyume, kliniki wako sawa kabisa lakini nyumbani iko juu, hao ndio nawaogopea zaidi juu bila kupima nyumbani hakuna mtu atawahi kujua.

Andika kwa kadaftari: tarehe, saa, namba zote mbili, mapigo ya moyo, na kama dawa ulimeza ama uliruka. Tafadhali usifiche ile mbaya. Najua wazee wetu wanapima mara tano wanaandika ile inapendeza ili daktari asigombane, lakini hapo unamficha yeye ugonjwa wako mwenyewe.

Mbona nakazania hivi? Kwa sababu hata utafiti mkubwa unasimama juu ya kupima vizuri. Ule wa SPRINT, Marekani, 2015, watu zaidi ya 9,000, ulionyesha wale walishushwa namba ya juu chini ya 120 walipata shida za moyo na kiharusi kwa robo pungufu kuliko wale walilengwa chini ya 140. Lakini hao watu walitulizwa dakika 5 kwanza ndio mashine ikapima yenyewe, na wenye kisukari hawakuchukuliwa. Ukilinganisha hiyo 120 na namba umepima ukitoka tu kwa boda, hailingani.

Kwa upande wa dawa kuna utafiti ulifanywa kwa watu weusi wa Afrika, Kenya ikiwemo, unaitwa CREOLE, ulitoka 2019. Ulipata kuwa amlodipine ikiunganishwa na dawa nyingine, iwe hydrochlorothiazide ama perindopril, inashusha presha kuliko hizo mbili za mwisho zikiwa pamoja bila amlodipine. Hiyo si ruhusa ya kujibadilishia dawa kwa kemisti, ni swali la kumuuliza daktari na kadaftari mkononi. Miguu ikivimba kwa sababu ya amlodipine, ama kikohozi kikavu kikianza na enalapril, mwambie, kuna zingine, usiache kimyakimya. Na zile za maumivu, diclofenac na Brufen, zinapandisha presha na zinaumiza figo, kwa hivyo mtu wa mgongo unauma kila siku aseme kliniki.

Chumvi, WHO, shirika la afya duniani, wanasema chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu Royco na samaki wa kukaushwa na chumvi. China walijaribu chumvi yenye sehemu ya potasiamu kwa vijiji 600, majibu yakatoka 2021, kiharusi kikapungua kwa asilimia 14. Mwenye shida ya figo asiiguse hiyo chumvi ya potasiamu kabla ya kuuliza.

Siku mashine ikisoma 180 kwa 120 ama zaidi, tulia dakika 5 upime tena. Ikibaki hapo na kifua kinauma, pumzi inakata, mdomo umepinda, mkono umelegea ama macho yanaona giza, tafuta gari saa hiyo hiyo mwende hospitali, iwe ni usiku. Kama hakuna dalili, fika kliniki siku hiyo. Usimeze dawa mara mbili ili ishuke haraka, presha ikianguka ghafla ubongo unaweza kukosa damu.