Kabla Hujaleta Kuku Uani: Mambo ya Kuzingatia Wewe na Majirani

Mtu anayeamua kufuga kuku nyumbani kwake Tabata, Mbagala au Kimara kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei ya matemba, yaani kuku jike wachanga ambao hawajaanza kutaga, na bei ya mabati, na jirani humkumbuka siku malalamiko yanapofika kwa mjumbe. Ningependa mpangilio huo ugeuzwe. Katika viwanja vyetu vingi vya Dar es Salaam ukuta wa banda huwa hatua chache tu kutoka dirisha la chumba cha mtu mwingine, na hakuna uzio unaozuia harufu, inzi wala sauti. Kwa hiyo jirani anaingia katika ufugaji wako siku ileile unayoanza, awe ameulizwa au hakuulizwa.

Hatua ya kwanza ni ruhusa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na masharti ya ufugaji mjini yanaweza kutofautiana kati ya halmashauri moja na nyingine. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, muulize mtendaji masharti yanayohusu mifugo katika eneo lenu, na uombe kuelekezwa kwa afisa mifugo wa kata, kwa sababu utamhitaji baadaye. Aliyepanga azungumze na mwenye nyumba kwanza, kisha na wapangaji wenzake wote wanaotumia ua huo, maana kibali cha mwenye nyumba asiyeishi hapo hakimpunguzii kero mama anayepika mita mbili kutoka bandani.

Baada ya hapo pita nyumba kwa nyumba, ukiwa bado hujanunua hata msumari. Waeleze majirani utafuga kuku wangapi, banda litakaa wapi, nani atalisafisha na kama kutakuwa na jogoo. Wewe nawe uliza: nani analala mchana, nani ana mtoto mwenye pumu, nani amepanda mchicha karibu na uzio. Mimi mwenyewe nilijenga banda langu la kwanza likiegemea ukuta wa jirani ambaye ni muuguzi wa zamu za usiku. Kazi yake nilikuwa naijua, lakini sikuwahi kufikiri kwamba saa zake za kulala ndizo ambazo mitetea hupiga kelele zaidi, kwa kuwa kuku wengi hutaga asubuhi na hutetea wakishataga. Alivumilia miezi miwili kabla ya kuniambia. Nilibomoa banda na kulijenga upya upande wa pili wa kiwanja, na bado naona haya kwamba ni yeye aliyelazimika kuja kwangu.

Kuhusu idadi, kwa ua wa kawaida wa mjini nashauri mitetea sita, na mwaka wa kwanza usizidishe hapo. Kuku mkubwa hula takribani gramu 120 kwa siku, hivyo sita hutumia karibu kilo 22 kwa mwezi, na hunywa maji yenye uzito wa mara mbili ya chakula au zaidi wakati wa joto. Mfukoni hesabu hiyo inavumilika, na kinyesi cha kuku sita mtu mmoja anaweza kukiondoa kabla ya kwenda kazini. Anayeanza na hamsini mara nyingi hushindwa kwanza na usafi.

Jogoo hahitajiki ili kuku watage. Mtetea hutaga bila jogoo, ila mayai yake hayataangua vifaranga, na kwa familia inayotaka mayai ya kula hilo si tatizo. Jogoo huanza kuwika kabla hakujapambazuka na haachi kwa kuombwa. Kama unataka vifaranga, ni bora kununua mayai yenye mbegu kwa mfugaji mwingine na kumwekea kuku anayeatamia. Baada ya siku 21 utapata vifaranga bila kumwamsha mtu. Mapora, yaani majogoo wachanga, watakaotokea humo wauzwe au wachinjwe mapema, mara tu wanapoanza kujaribu sauti.

Mahali pa banda panahitaji kufikiriwa kwa pepo zetu. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, na wakati huo jirani aliye upande wa kaskazini ndiye anayepokea harufu. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, huipeleka kwa walio upande wa kusini. Haiwezekani kumridhisha kila mtu mwaka mzima, ila inawezekana kuchagua pembe ambayo pepo zote mbili zinapita juu ya kiwanja chako kabla ya kufika kwa mwenzako. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua lisipige moja kwa moja ubavuni, nafasi isizidi kuku wanne au watano kwa mita moja ya mraba, na paa litokeze mbele ya kuta ili mvua ya masika isiingie. Sakafuni tandika randa za mbao au maganda ya mpunga, unene wa sentimita tano au zaidi.

Ukavu wa matandiko hayo ndio msingi wa amani. Kinyesi kilicholowana hutoa hewa ya amonia, ile inayochoma macho na pua, na kwa uzoefu wangu chanzo kikubwa cha unyevu ni chombo cha maji kinachomwagika. Kiinue kifikie usawa wa mgongo wa kuku na ubadilishe randa chini yake kila siku. Inzi nao wana ratiba: katika joto la Pwani, yai la inzi huweza kuwa inzi kamili kwa siku saba hadi kumi, kwa hiyo kinyesi kikiondolewa kila baada ya siku tatu au nne, funza hawapati muda wa kukua. Amua mapema kitakwenda wapi. Wakulima wa mchicha hukipokea kwa furaha, lakini kikiwa kibichi huunguza mimea, hivyo kirundikwe na kufunikwa mpaka kioze vizuri.

Chakula kikae kwenye pipa lenye mfuniko, kwani pumba iliyoachwa wazi huita panya, na panya huita nyoka. Uzio uwe wa wavu mzima, na manyoya ya bawa moja yakatwe kwa kuku wanaoruka. Tuta la mchicha linaweza kupekuliwa lote kwa nusu saa, na hasara hiyo ni ya kulipwa bila kubishana.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Hakina tiba, huweza kuua karibu kuku wote wa banda kwa siku chache, na husafiri kutoka ua hadi ua kwa viatu, vyombo, kuku wapya na kuku wanaozurura. Chanjo ipo. Ile ya I-2, ambayo hutengenezwa Kibaha na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida na hutolewa kwa tone moja la jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na kikishafunguliwa hakifai kuwekwa kwa muda mrefu. Kabla hujaleta kuku, tafuta wafugaji wengine wa mtaa wako, mpange tarehe, mchange fedha za kichupa na kuchanja siku moja, kuku wagonjwa wakiachwa kando. Kinga huchukua wiki mbili hivi kujengeka, kwa hiyo msisubiri mpaka vifo vianze. Na vikianza kwako, waambie majirani siku hiyohiyo. Kuuza haraka kuku wanaosinzia ili usipate hasara ni kuupeleka ugonjwa kwenye banda la mwingine, naye atakuja kujua ulikotoka. Mizoga ifukiwe kwenye shimo refu na kufunikwa kwa chokaa au majivu, isitupwe mtaroni.

Mwisho, tafuta mtu wa kuwatunza kuku unaposafiri kwenda mazishini au kijijini, naye awe anaishi karibu. Muoneshe mahali pa chakula, mwachie ufunguo na namba ya afisa mifugo, na mayai ya siku hizo zote yawe yake.