Somo: Kuhamisha mwaridi mkongwe na usife

Wiki hii watu watatu wameniuliza jambo lilelile. Nyumba inaongezwa chumba, au ukuta unajengwa, na pale msingi unapopita kuna mwaridi wa miaka kumi na kitu aliouotesha mama au bibi. Fundi anasema ukatwe, eti mti uliokomaa hauhamishiki.

Unahamishika. Nimehamisha hapa Moshi mwaridi wenye shina nene kuliko kifundo cha mkono wangu, na kabla mwaka haujaisha ulikuwa umechanua tena. Kinachoua ni kutaka kuimaliza kazi kwa siku moja.

Mizizi minene unayoiona ukifukua kazi yake kubwa ni kuushikilia mti usianguke. Inayonyonya maji ni ile myembamba kama uzi, nayo iko mbali, kwenye ncha. Ukifukua haraka unaondoka na minene, ile ya kunywea inabaki shimoni. Majani juu yanaendelea kupoteza maji, chini hakiingii kitu. Ndiyo maana mti hunyauka siku ya tatu hata kama umeumwagia ndoo tano. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kuufanya mti uoteshe mizizi mipya ya kunywea karibu na shina kabla hujaung'oa.

Hatua ya 1: Kata mizizi wiki saba kabla

Kwetu Moshi na Arusha mwezi mzuri wa kuhamisha ni Julai. Kuna baridi, mawingu yanakaa mpaka saa sita, na ardhi bado ina unyevu wa masika. Basi mizizi unaanza kuikata katikati ya Mei.

Pima sentimita 25 kutoka kwenye shina, uchore duara kwa kamba na kijiti. Chimba mfereji kufuata duara hilo, upana wa chepe, kina cha sentimita 35, lakini nusu ya duara tu. Mizizi minene ikate kwa mkasi wa kupogolea au msumeno mdogo. Panga liweke kando: panga hupasua mzizi, na jeraha lililopasuka huoza. Jaza mfereji kwa mboji iliyooza vizuri ukichanganya na mchanga kidogo, mwagilia, uache. Baada ya wiki tatu fanya nusu iliyobaki. Kisha subiri wiki nne.

Wengi wataruka hatua hii, na ndiyo ninayowasihi msiiruke. Mwaka jana nilipofukua mfereji wa Mei, nilikuta ndani ya mboji nyeusi nyuzinyuzi nyeupe zimejaa, nyororo, zinakatika ukizigusa kwa kucha. Zilitoka palepale nilipokata kwa msumeno, kila jeraha na kishungi chake. Mti wa namna hiyo ukiuhamisha, unakwenda na mizizi yake ya kunywea.

Hatua ya 2: Shimo jipya liwe tayari kabla ya kung'oa

Upana wake uwe mara mbili ya donge la udongo utakalohamisha. Kina kiwe sawa na donge, kisizidi. Sisi tumezoea mashimo ya migomba, tunachimba mpaka kiunoni. Kwa mwaridi hilo ni kosa, kwa sababu udongo uliolegezwa chini hushuka, mti unazama nao, na shina linafukiwa. Chagua mahali penye jua kwa muda wa saa sita hivi kwa siku, zaidi la asubuhi. Moshi mjini joto la mchana ni kali kuliko Arusha, kwa sababu tuko chini zaidi.

Samadi. Mwaridi wa kwanza niliouhamisha niliuua mwenyewe, na ulikuwa wa marehemu mama. Nilitaka ushibe, nikajaza shimoni samadi mbichi iliyotoka zizini siku hiyohiyo. Baada ya wiki mbili nilipoufukua, mizizi ilikuwa ya kahawia, ganda linavuka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Samadi mbichi ina moto. Ioze miezi mitatu au minne, mpaka iwe haina harufu ya zizi na ukiishika haina joto. Hata hiyo, changanya karai moja tu na udongo wa juu uliouchimba.

Hatua ya 3: Mwagilia, kisha pogoa

Siku moja kabla ya kuhama, mwagilia ndoo tatu polepole. Udongo mkavu humomonyoka na kuacha mizizi wazi, wenye unyevu hushikana.

Asubuhi yake pogoa mpaka kimo cha goti. Bakiza matawi manne au matano yenye afya, kata juu kidogo ya jicho (pale panapochipukia tawi) linalotazama nje. Ondoa maua na vitumba vyote. Inauma, najua, hasa ukikuta vitumba vimekaribia kufunguka. Lakini mizizi iliyopungua haiwezi kunywesha kichaka kizima.

Hatua ya 4: Kung'oa na kubeba

Fanya jioni, au siku ya mawingu. Fukua mfereji wako upya, sentimita chache nje ya ule wa mwanzo ili usiguse mizizi mipya. Ingiza chepe chini ya donge kutoka pande zote mpaka lilegee. Usivute shina hata mara moja. Inamisha donge upande mmoja, sukuma salfeti chini yake, liinamishe upande wa pili, vuta salfeti itokeze, kisha funga juu kwa kamba kama unavyofunga mzigo wa sokoni.

Ita watu. Donge la upana wa nusu mita linakaribia uzito wa gunia la mahindi. Wawili kwenye pembe za salfeti na mmoja wa kushika toroli, si pungufu.

Hatua ya 5: Kupanda

Udongo wa donge ulingane na uso wa ardhi, kama ulivyokuwa ulikotoka. Ili kupima, laza fimbo juu ya shimo. Ondoa salfeti yote, ile ya plastiki haiozi. Jaza nusu, mwaga maji, ngoja mapovu yaishe (hayo ni matundu ya hewa yanafunga), kisha jaza iliyobaki. Usikanyage kwa miguu, kandamiza kwa viganja.

Hatua ya 6: Miezi miwili ya kwanza

Ndoo mbili za lita 10 kila baada ya siku tatu, mvua ikinyesha punguza. Tandaza majani makavu ya migomba, unene wa kiganja, lakini yaache mbali na shina kwa upana wa kiganja kingine, maana yakiligusa yanaleta uozo na mchwa. Jua likitoka kali, simamisha kivuli cha neti kwa wiki mbili tatu. Mbolea ya dukani usiweke mpaka uone machipukizi yenye majani kamili.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. Niko Njiro, nyumba ya kupanga. Ninahama mwisho wa mwezi, hizo wiki saba sina. Niuache?*

Marahaba, binti yangu. Usiuache, ila kwanza ongea na mwenye nyumba, hata kama uliupanda wewe. Akikubali, ruka hatua ya 1, lakini ongeza donge mpaka sentimita 35 kutoka kwenye shina na upogoe zaidi, chini ya goti. Na weka akiba. Katika matawi uliyokata chagua sita ya unene wa penseli, urefu wa sentimita 20, acha jani moja juu, chomeka nusu yake kwenye makopo yenye udongo na mchanga, weka kivulini. Mti mama ukifa, huenda watoto wawili watatu wakashika.

*Nimehamisha wiki iliyopita, majani yote yameanguka. Umekufa?*

Kuna uwezekano mkubwa uko hai. Kwangua gamba la tawi kwa ukucha, sehemu ndogo tu. Kijani na unyevu chini yake ni uhai. Kahawia na ukavu, kwangua tena chini zaidi, ukifika penye kijani kata hapo. Ninachokiogopa ni majani yaliyokauka na kubaki yameng'ang'ania tawini, hapo mara nyingi tawi limekufa kabla halijapata nafasi ya kuyaachia.

*Mimi ni wa Marangu ila naishi Uingereza. Hapa nina kichaka cha holi, kile chenye majani ya miiba na matunda mekundu ya Krismasi. Hatua ni hizihizi?*

Hatua ndiyo, miezi hapana. Holi haipukutishi majani wakati wa baridi, kwa hiyo inapoteza maji mwaka mzima. Huko hamisha Oktoba, ardhi ikiwa bado na joto, au mwanzoni mwa majira ya kuchipua kabla kiangazi hakijaingia. Haipendi kusumbuliwa, ndiyo maana kukata mizizi mapema kunaifaa kuliko hata mwaridi; kwa kichaka kikubwa kata mwaka mmoja kabla. Ikiangusha majani baada ya kuhama usikate tamaa, fanya ule mtihani wa ukucha. Na kumbuka holi ina dume na jike. Matunda hutoka kwa jike, na kwa kawaida panahitajika dume la karibu. Kama unayemwacha nyuma ndiye dume, unaweza kukaa Krismasi nyingi bila tunda.

*Isale je, ule mmea wa uzio? Kwetu Kibosho zimo za babu, tunajenga geti.*

Kwa mikono, isale haina shida kabisa. Kata shina la urefu wa mkono, chomeka kwenye udongo wenye unyevu, litashika. Lakini kwa Wachaga isale si ua la uzio tu. Inaombea msamaha, inaonyesha kaburi, inaonyesha mpaka wa kihamba (shamba la ukoo). Muulize mzee wa ukoo kwanza kila moja inasimamia nini. Zilizo mpakani usiziguse mpaka jirani awe amesimama hapo na wewe, na mzee mmoja wa kila upande, muone wote tundu la zamani liko wapi kabla halijafukiwa.