Mwongozo wa kuomba msaada wa kisheria au kuweka wakili nchini Tanzania

Kabla ya kutafuta wakili, jiulize kwanza shauri lako litasikilizwa wapi, kwa kuwa jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha kama unamhitaji wakili na kama gharama yake inalingana na unachokidai. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi, kwa mfano, huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kujaza Fomu Namba 1, na huko anaweza kuwakilishwa na chama chake cha wafanyakazi au na mtu aliyemchagua mwenyewe. Wengi hukwama kwa kuchelewa, maana mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Vivyo hivyo, familia isiyo na ugomvi inayofungua mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, ikiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, kwa kawaida haina haja ya wakili.

Ukishajua chombo husika, panga nyaraka zako kwa kufuata tarehe na uandike maelezo ya ukurasa mmoja yanayotaja wahusika, kilichotokea na unachoomba.

Iwapo huna uwezo wa kulipa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inakuruhusu kuomba huduma kwa taasisi iliyosajiliwa kutoa msaada huo. Nenda na kitambulisho, maelezo yako na nakala za nyaraka. Mara nyingi utaombwa pia barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji, hivyo ni vyema uichukue mapema. Huenda ukapokelewa na msaidizi wa kisheria, ambaye atakushauri na kukuelekeza bila malipo, lakini hawezi kusimama mahakamani kama wakili wako. Katika kesi ya jinai, mshtakiwa asiye na uwezo amweleze hakimu au jaji, kwa kuwa mahakama inaweza kuagiza apatiwe msaada huo pale haki inapouhitaji. Anayeshtakiwa kwa mauaji Mahakama Kuu bila wakili wake hupangiwa mmoja kwa gharama za Serikali.

Kama utalipa mwenyewe, anza kwa kuhakiki jina la wakili kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Cheti cha uwakili huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo usiridhike na cheti cha zamani kilichotundikwa ukutani. Vishoka nao huvaa suti, tena nzuri. Kisha uliza kama amewahi kuendesha mashauri ya aina yako, na kama amewahi kumwakilisha mtu unayemdai.

Suala la ada lahitaji utulivu zaidi. Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inaweka viwango, ila kinacholeta ugomvi mwingi ni mipaka ya kazi iliyolipiwa. Makubaliano yakisema tu “ada ya kuendesha shauri”, mteja huamini kuwa yanahusu hata rufaa na kukaza hukumu, yaani kuhakikisha hukumu inatekelezwa, ilhali wakili alihesabu hadi siku ya hukumu pekee. Omba mkataba wa maandishi unaotaja kazi inaishia wapi, awamu za malipo, na nani atagharimia ada za mahakama, nauli na nakala. Mwenye fedha kidogo anaweza kumlipa wakili kwa kazi moja tu, kama vile kuandaa hati ya madai, na mengine akayafuatilia mwenyewe; kwa maoni yangu, njia hii hutumika kidogo mno.

Dai risiti kwa kila malipo na uitunze pamoja na mkataba. Wakili akikiuka maadili, malalamiko ya maandishi hupelekwa Kamati ya Mawakili, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, na karatasi hizo ndizo utakazoambatanisha.